Hadithi za kale kwa sauti, safari hii mama wa shambani ndo steringi

Nimemaliza kusikiliza huu mkusanyiko wa hadithi za kale zilizosimuliwa upya, ule ambao mwanamke anayelima na kulisha watu ndo anabeba hadithi, na nimeupenda kasoro vipande viwili vitatu.

Ya Selu, mama wa mahindi wa Wacherokee kule Marekani, ni moto. Vijana wawili wanamchungulia ghalani wanamkuta anasugua tumbo kikapu kinajaa mahindi, anasugua kwapa yanatoka maharage, basi wanasema huyu mchawi, auawe. Wasimulizi wengi hapo hukimbilia kifo, lakini huyu dada katulia kwenye maagizo ambayo mama anawaachia: safisheni uwanja mkubwa, mniburute kuzunguka mara 7, halafu mkeshe. Wavivu wale wanasafisha vijieneo 7 tu! Ndo maana, hadithi inasema, mahindi hayaoti kila mahali duniani. Yaani mpaka leo tunalipia uvivu wa watu waliokula bila kujua chakula kinatokaje, na anavyotamka "vijieneo saba" kwa dharau mi nilicheka mwenyewe.

Ya Demeter, mungu wa kike wa mavuno wa Ugiriki ya kale, nayo iko poa, wameisimulia kama mgomo. Bintiye kachukuliwa kwa ridhaa ya Zeus, mfalme wa miungu, mama anazuia mbegu zisiote, watu wanakaribia kufa njaa na miungu inaanza kukosa sadaka, hapo ndo Zeus anakumbuka kumbe kuna mazungumzo. Hamna machozi mengi, ni hesabu tu.

Ila Dewi Sri, mungu wa kike wa mpunga wa kule Java, Indonesia, wamemharibu jamani. Dakika nzima nzima za urembo wake na muziki juu, mpunga unaota mwilini mwake basi imeisha. Hawajagusa kabisa ani-ani, kile kisu kidogo cha kufichwa kiganjani ambacho wanawake walivunia suke moja moja ili wasimshtue. Sasa si hapo ndo kazi ya wanawake yenyewe ilipo??

Halafu kila hadithi ikiisha inakuja hotuba. Mara FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, 2011 walisema wanawake ni kama asilimia 43 ya nguvukazi ya kilimo nchi zinazoendelea, sawa, namba nzuri, lakini umetoka kwa Selu damu bado mbichi unaletewa semina, mtoto ashatoka chumbani.

Nyota 4. Chukueni, anzeni na Selu, hotuba mzirushe mbele.