Usiku wa hadithi: kiingilio cha unga au cha pesa?

"Paukwa!" "Pakawa!" Ukumbi umeitika. Lakini mlangoni, benki ya chakula ya mtaa, ile inayowagawia chakula wasio nacho, ikusanye nini?

Kiingilio cha chakula kina mvuto wake. Mtoto aliyebeba pakiti ya unga ya kilo 2 anaelewa jioni hii ni ya nini, na rundo likiwekwa kando ya msimuliaji, linajisemea lenyewe. Tabu huanza hadithi zikiisha. Unga tele, maharage kiduchu, mafuta hakuna. Pakiti nyingine zimepita tarehe. Na mahindi ya nyumbani, unyevu ukizidi asilimia 13.5 ambayo ndiyo kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki, huota kuvu na kuleta sumukuvu. Basi watu wakae wachambue, kisha gari litafutwe.

Pesa haina mlolongo huo. Inaingia kwa M-Pesa, na benki ya chakula inanunua mahindi kwa gunia la kilo 90, bei ya jumla, au inalipia mafuta ya lori likachukue mboga ambazo mkulima angezitupa. (Benki ya chakula ya kwanza, ile ya Phoenix, Marekani, mwaka 1967, ilianza na vya kutupwa hivyo hivyo.) Ubaya wake ni mmoja: asiye na kitu hubaki nje, na huenda ndiye bibi anayezijua hadithi kutushinda sote.

Mimi ningechagua pesa, kapu likae mlangoni kwa mwenye pakiti yake, na bibi apite bure.