NCCL kwa Python kupitia CuPy: tathmini kutoka Nyegezi

Ofisini kwetu Nyegezi tunatengeneza mfumo unaotazama picha za dagaa na kusema kama walianikwa kwenye chanja au mchangani. Mnunuzi mzoefu pale Mwaloni Kirumba anatafuna mmoja na kukupa jibu. Kompyuta inataka picha nyingi, na picha zikiwa nyingi kadi moja ya GPU inaelemewa. Tuna RTX 3060 mbili za GB 12. Kila kadi inakokotoa fungu lake, kisha zote zinajumlisha majibu kabla ya kuendelea na hatua inayofuata. Kazi hiyo ya kujumlisha ndiyo inayofanywa na NCCL, maktaba ya NVIDIA.

Kama unafundisha modeli tu, baki na PyTorch. NCCL imo ndani yake na huna haja ya kuigusa. Sisi tunaandika maktaba yetu wenyewe ya kugawa kazi kati ya kadi, na kwa kazi hiyo CuPy, maktaba ya Python ya kupiga hesabu za safu za namba kwenye GPU, inakupa NCCL karibu ikiwa mbichi: unaomba kitambulisho, unaunda NcclCommunicator (kiungo cha mawasiliano) kwa kila kadi, unaita allReduce, wito wa kujumlisha. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nyota nyingi zimetokana na uwazi wake. Weka NCCL_DEBUG=INFO kabla ya kuwasha programu, nayo itakuandikia kila njia ambayo data inapita. Kwetu mistari hiyo inasema "via SHM", maana yake kadi haziongei moja kwa moja. Data inapitia kwanza memori ya kompyuta ndipo ifike kwenye kadi ya pili. RTX 3060 haina NVLink, njia ya NVIDIA ya kuunganisha kadi kwa kadi, kwa hiyo nililitarajia hilo.

Hapa naomba tupige hesabu, kwa sababu inagusa mfuko. ResNet-50, modeli ya kutambua picha, ina vigezo milioni 25 na ushee. Kwa float32, yaani baiti 4 kwa kila kigezo, hiyo ni kama MB 100. NCCL ikitumia njia ya mzunguko, kila kadi hutuma ukubwa wa data mara 2(n−1)/n, n ikiwa idadi ya kadi. Kadi zikiwa mbili, kila moja inatuma MB 100 nzima kwa kila hatua. Ukiziweka kwenye kompyuta mbili zilizounganishwa kwa kebo ya gigabiti 1, isiyozidi MB 125 kwa sekunde, unasubiri sekunde 0.8 kila hatua. Ndani ya mashine moja, hata kwenye tundu la PCIe 3.0 (tundu la kuchomeka kadi) la njia nne, ni kama milisekunde 25, na hata ukiiongeza mara mbili kwa ajili ya kupitia memori bado umepata nafuu kubwa mno. Kwa hiyo wewe unayepanga kununua swichi uunganishe kompyuta mbili za ofisini, nunua mazabodi yenye nafasi ya kadi mbili, na pawa saplai ya kuzibeba.

Upande wa Python ndipo nyota moja ilipoangukia. allReduce ya chini kabisa ya CuPy haipokei safu. Inapokea anwani ya memori, idadi, aina ya namba na strimu, yaani foleni ya kazi za GPU. Idadi hiyo ni ya namba, si ya baiti. Ukiipa anwani ya safu iliyokatwa kwa kuruka, tuseme x[::2], NCCL itasoma memori kwa mfululizo kama ilivyolala, itajumlisha na namba zisizohusika, na hakuna kosa litakaloonekana popote. Jibu baya lililonyamaza ni hatari kuliko programu iliyoanguka! Kwenye maktaba yetu hakuna anwani inayopita kabla ya kukagua flags.c_contiguous, alama inayosema kama namba zimelala mfululizo; isipokidhi tunainakili kwa cupy.ascontiguousarray. Asiyetaka kazi hiyo atumie cupyx.distributed, ambayo inapokea safu yenyewe.

Jambo lingine ni groupStart na groupEnd, zinazofungua na kufunga kundi la miito. Programu moja ikiendesha kadi mbili, miito yote lazima ikae kati ya hayo mawili. Kijana wetu wa mafunzo aliniita: "Dada, mbona imeganda na huku kadi inaonyesha asilimia 100?" Kadi ilikuwa inamsubiri mwenzake. NCCL ikisubiri huwa inazunguka bila kupumzika, na nvidia-smi inahesabu hiyo kuwa kazi. Tulipoiweka miito kati ya groupStart na groupEnd, ikapita.

Kwa sisi tunaokatikiwa umeme, zijue check_async_error na abort. Kompyuta moja ikizimika, iliyo kwenye UPS inaweza kuendelea kumngoja marehemu. Msimbo wako ndio unaotakiwa kuuliza na kuvunja mawasiliano. Watumiaji wa Docker nao waongeze --shm-size, kwa kuwa /dev/shm (memori ya pamoja) huja na MB 64 tu na NCCL inaihitaji.

Inaendeshwa kwenye Linux, na ni bure. Kifurushi cha NCCL peke yake ni kizito, kwa hiyo tunakishusha kwa bando la usiku kwa pip download, tunakiweka kwenye flashi, na kila mashine ya ofisini inasakinisha kutoka humo.