Taa za nyuma za gari: achana na kioo, kagua mpira

Tangu masika ianze, ujumbe ninaopata ni wa maji tu. Dada mmoja wa Tabata ana IST, alifunga taa za nyuma za urembo, zile zenye indiketa inayotembea. Sasa buti linanuka uvundo mpaka akaamini kuna panya kafia humo. Kijana wa Mwanza ana Mark X, kila akikata kona anasikia kitu kinacheza chubwi chubwi nyuma. Mwingine aliinua kapeti kutafuta jeki, akakuta tairi la spea linaogelea. Wote walikuwa wamebadilisha taa, na wote waliambiwa na muuzaji kwamba zinawaka vizuri sana.

Zinawaka, ndiyo. Taa yoyote mpya inawaka. Kwa hiyo hapa sizungumzii mwanga, wala LED dhidi ya balbu, wala kioo chekundu dhidi ya cheupe. Hayo utaelezwa bure dukani hadi uchoke. Mimi nazipanga taa hizi kwa kitu kimoja ambacho hakuna anayekiuliza: mpira wa nyuma.

Geuza taa uitazame kwa nyuma. Kuzunguka pale holda za balbu zinapokaa, na kwenye misumari ya kufungia, utaona sponji nyeusi laini imebandikwa. Huo ndio mpira ninaousema. Bodi ya gari mahali hapo ina tundu, tena kubwa, ili waya na holda zipite. Kinachozuia mvua isipite humo ni hiyo sponji na kubanwa kwake sawasawa, basi. Ikiwa bapa kwa uzee, ikichanika wakati wa kung'olewa, au ikiwa fupi kuliko tundu, maji hupenya kidogo kidogo, yanateremka kwa ndani ya bodi hadi kwenye shimo la tairi la spea, maana hapo ndipo chini kabisa. Huyaoni. Yanakula bati kimyakimya. Plagi za waya zinaota ukungu wa kijani, asi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) inakuwa mbovu, halafu vituko vinaanza: unakanyaga breki, indiketa nayo inamulika kidogo. Fundi umeme anabadilisha balbu, wiki ijayo anabadilisha tena, na wewe unalipa.

Nafasi ya kwanza nawapa Koito, na sifichi kwamba nina upendeleo. Ni kampuni ya Japani ya tangu 1915, na ndiyo iliyotengeneza taa nyingi za Toyota tulizonazo barabarani. Taa yake ya mtumba iliyotoka Japani, hata kama kioo kina mikwaruzo, hukaa kwenye bodi bila kubembelezwa: ukingo unalingana na bati, misumari inaingia kwenye matundu yake, na pale mpira unapolala pana mfereji wake. Stanley nao nawaweka hapo hapo. Kampuni hiyo ilianzishwa Tokyo mwaka 1920, na jina lao wamelichukua kwa Henry Morton Stanley, yule yule aliyemkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Kila nikiliona limechorwa kwenye taa pale Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar, nacheka peke yangu.

Ila mtumba ni mtumba. Taa itakuwa nzima, mpira utakuwa umechoka. Bonyeza sponji kwa kidole gumba kisha uachie: ikirudi juu taratibu, bado ina uhai. Ikibaki na shimo la kidole, au ikaacha vumbi jeusi mkononi, hesabu kwamba utanunua mpira mwingine. Mpira huo huuzwa peke yake, unaagizwa kwa namba ya chesisi, na wauzaji wengi watakuapia kwamba haupo duniani. Upo. Usipotaka kusubiri, tafuta ukanda mweusi wa butili, ule unaonata mkononi na haukauki. Zungusha mzunguko mmoja usiokatika, funga taa, kaza misumari kwa zamu kidogo kidogo ili ikae sawa. Kukaza kwa hasira kunapasua plastiki.

Silikoni sitaki kuisikia. Hasa ile yenye harufu kali ya siki, inayouzwa kwa ajili ya sinki na madirisha: asidi yake inashambulia bati, na siku ukitaka kubadilisha balbu au kutoa taa utalia. Halafu fundi mwenye bidii nyingi ataipaka hadi kwenye vile vitundu vidogo vya kupumulia vya taa. Vitundu hivyo vimewekwa makusudi ili mvuke utoke. Ukiviziba, unakuwa na akwariamu yenye balbu.

Kabla hujalipa, soma namba ya taa iliyochorwa kwenye kioo na uilinganishe na ya taa yako ya zamani. Usitaje mwaka wa gari peke yake. Vitz ya 2005, kwa mfano, inaweza kuwa toleo la kwanza au la pili, kwa sababu Toyota walibadilisha toleo mwanzoni mwa mwaka huo huo. Taa haziingiliani. Taa ikikaribia kuingia, fundi ataisukuma mpaka iingie, na hapo ndipo upenyo wa maji unapozaliwa.

Nafasi ya pili ni Depo na TYC, wote wa Taiwan. Hizi ni mpya, kioo safi, na ukiwa na ajali ya upande mmoja zinakuokoa kununua jozi. Nyingi huja na mpira wake. Lalamiko langu ni kwamba sponji zao nilizozishika ni nyembamba kuliko za Koito, na gari la Dar ambalo bodi yake imeshapigwa na kunyooshwa halina bati la kulingana kiasi hicho. Ongeza butili tu, utaishi nazo.

Nafasi ya tatu, taa za urembo: LED nzima nzima, kioo cha moshi, indiketa inayotembea. Najua mnazipenda. Mimi mwenyewe nageuka zikipita usiku barabara ya Bagamoyo. Lakini nyingi nilizozigeuza dukani zina kipande cha sponji kilichokatwa kwa mkasi na kubandikwa juu ya plastiki laini isiyo na mfereji wowote, na waya wa ziada unaopitishwa pembeni ya mpira badala ya kupita katikati ya tundu. Waya ukipita pembeni, maji yanaufuata. Ukizichukua, mwambie fundi apitishe waya ndani ya tundu la asili, na aweke rilei ya indiketa ya LED, kile kidude kinachopanga kasi ya kuwaka na kuzima, la sivyo itapepesa haraka kama jicho lenye mchanga. Kioo cheusi sana usiweke: mchana wa jua breki haionekani, na trafiki ana notifikesheni yake ya faini tayari mfukoni.

Zile zisizo na jina, kwenye boksi jeupe: hapana.

Na mnaofunga spoila au bampa la faiba, hadithi ni ile ile. Spoila inatobolewa matundu kwenye mlango wa buti, na bati lililotobolewa bila kupakwa rangi kwenye kingo za tundu linaanza kutu hapo hapo, ukikaa Kigamboni kwenye chumvi ya bahari ndiyo usiseme. Dai rangi kwenye kila tundu, kisha mpira chini ya kila msumari. Bampa la faiba linachongwa vizuri na vijana wetu, ila halipindi likarudi kama la plastiki, linapasuka; na likikaa juu kidogo tu linaisukuma taa kutoka kwenye mpira wake.

Ukishafunga chochote, usiondoke gereji bila kulowesha gari. Toa kapeti la buti, tandaza gazeti kavu chini ya kila taa na kwenye shimo la spea, funga, kisha mwaga maji ya bomba kuanzia juu ya kioo cha nyuma cha gari kwa dakika kumi. Gazeti halifichi siri: likilowa, panavuja. Fundi atanuna, atasema mvua haipigi hivyo. Mwachie anune.

Sasa wauzaji. Mwanamke ukiingia peke yako unaambiwa, "Sista, njoo na fundi." Ukija na fundi, bei inapanda, maana fundi ana cha juu chake na anakonyezana na muuzaji mbele ya macho yako. Ukiomba kuigeuza taa unaambiwa utaivunja. Ukiomba mpira unaambiwa huo unakuja na gari. Taa ikivuja ukirudi, mali ikishatoka hairudi, ila yeye aliyesahau kukupa mpira ataendelea kuuza mpaka saa kumi na mbili bila wasiwasi. Natembea na picha ya namba ya taa kwenye simu na natoka duka lolote ambalo hawaniruhusu kugeuza. Fanyeni hivyo hivyo.

Na kuna hili la wizi. Taa zinang'olewa usiku kwenye maegesho, halafu asubuhi ziko sokoni zikiitwa mtumba wa Dubai. Mulika kona za kioo kwa tochi ya simu kwa mshazari: ukiona sehemu imesuguliwa ikapauka, hapo palikuwa na namba ya gari la mtu. Usinunue, hata kama mpira wake ni mpya. Dai risiti yenye jina la duka, na namba ya gari lako ichorwe kwenye taa hapo hapo gereji, kabla hazijalala usiku mmoja nje.