Uzoefu Wangu wa Kununua Myuti za Tarumbeta Nairobi: Zipi Zinunuliwe Kwanza, Zipi Zisubiri

Mpiga tarumbeta wa Nairobi anayeishi kwa kualikwa huku na huko hajui mapema kazi ya wiki ijayo itamtaka atoe sauti ya namna gani. Jumapili huwa niko na bendi ya kanisa, Jumamosi mara nyingi ni harusi, na jioni za katikati ya wiki huwa mazoezini na okestra au nikipiga jazi na wenzangu hotelini Westlands. Kila kazi kati ya hizo ina myuti zake, yaani vile vizibo vinavyotiwa kwenye domo la tarumbeta, ule mdomo mpana wa mbele inakotokea sauti, ili kuigeuza, nami nimezikusanya moja baada ya nyingine kadiri kazi zilivyodai na mfuko ulivyoruhusu. Maoni yangu, ambayo wauzaji hawatayafurahia, ni kwamba mtu anayejitosheleza anahitaji myuti nne za jukwaani na moja ya nyumbani, basi. Na kwamba jinsi myuti inavyokaa ndani ya domo la chombo chako ni jambo kubwa kuliko jina la kampuni lililopigwa chapa juu yake.

Ya kwanza kununuliwa ni myuti nyofu, ile yenye umbo la pia iliyozibwa upande mpana, ambayo hushikiliwa na vipande vitatu vya koki, ile ya vizibo vya chupa, ili hewa ipate kupenya katikati yavyo. Mtunzi anapoandika kwenye karatasi ya muziki «con sordino», Kiitaliano cha «kwa myuti», bila kuongeza neno, hii ndiyo anayoitaka. Ukiitwa kupiga «Fêtes» ya Debussy, pale tarumbeta tatu zinapoanza kusikika kana kwamba gwaride liko mbali na linakaribia, au ile sehemu ya tarumbeta inayorudia noti kwa kasi katika «Picha za Maonyesho» za Mussorgsky, ambazo Ravel alizipangia okestra mwaka 1922, hakuna kifaa kingine kitakachokuokoa. Mimi nilichagua ya alumini kutoka Denis Wick, kampuni inayobeba jina la mwanamuziki aliyekuwa mpiga tromboni kiongozi wa okestra ya London Symphony, na nimeridhika nayo. Noti za chini zinatoka bila kubanwa, za juu hazipotei, na ninapoambiwa nipige kwa nguvu sauti inakuwa na ule ukali wa chuma ambao watunzi wa Ufaransa waliupenda.

Alumini si chaguo la pekee. Zipo myuti nyofu zenye kitako cha shaba nyekundu, ambazo sauti yake ni nzito na yenye kiza kidogo, na zipo za kadibodi ngumu, kama zile za Stonelined zinazotengenezwa na Humes & Berg wa Marekani, ambazo ni za bei nafuu zaidi na zina sauti laini isiyochoma masikio. Kwa bendi ya dansi au nyimbo za kanisani naiona ya kadibodi kuwa na adabu zaidi kuliko ya alumini. Ninachomsihi mnunuzi akiepuke ni myuti nyepesi za plastiki zisizo na jina, zinazouzwa kwa seti ya tatu au nne ndani ya mfuko mmoja. Niliziona na kuzijaribu katika duka moja la katikati ya jiji ambalo sitalitaja: noti ya C ya chini ya mstari ilitetemeka na kukatika kila nilipoigusa, na koki ya mojawapo ilikuwa imebandikwa upande. Seti nzima ilikuwa ya bei ya kuvutia, lakini hakuna hata moja ndani yake ambayo ningethubutu kuitia mbele ya kondakta.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo la koki ndilo linalowasumbua wengi na ndilo ambalo muuzaji halitaji. Myuti mpya huja na koki nene kwa makusudi, ili mwenye chombo aipunguze ilingane na domo lake. Ukiitumia jinsi ilivyotoka kwenye boksi, itakaa nje mno, itaanguka katikati ya wimbo, na sauti yake itakuwa nyembamba. Ukiipunguza kupita kiasi, itazama ndani, hewa itakosa njia, na toni, yaani kimo cha noti, itapinda. Mimi huchukua msasa laini na kusugua vipande vyote vitatu kwa hesabu ileile, kisha naitia, napiga oktava mbili, naichomoa na kusugua tena, mpaka nisikie noti za chini zikifunguka. Ni kazi ya jioni nzima, na haifai kuharakishwa, kwa kuwa koki iliyosuguliwa hairudi. Wakati wa kupiga, huivuvia pumzi ya moto ndani ya domo kama mtu anayetaka kufuta miwani, halafu naitia myuti nikiizungusha kidogo. Unyevu ule mwembamba huifanya koki ishike. Miezi ya Januari na Februari, hewa ya Nairobi inapokauka, hatua hii huwa ndiyo tofauti kati ya myuti inayokaa na myuti inayodondoka kwenye sakafu ya mbao katika kimya cha mwendo wa polepole. Aliyewahi kusikia alumini ikibingirika chini ya viti vya wapiga fidla hahitaji maelezo zaidi.

Jambo la pili ambalo halisemwi dukani ni toni. Myuti nyofu hupandisha kimo cha noti, kwa hiyo huna budi kuvuta bomba la kurekebishia toni nje milimita chache, na kulirudisha unapoichomoa. Asubuhi za baridi za Julai mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu shaba iliyopoa huishusha noti ilhali myuti inaivuta juu, na mpigaji akiwa amepumzika kwa muda mrefu kabla ya kuingia hajui ni ipi kati ya hizo mbili itakayomshinda. Dawa yangu ni kuipasha tarumbeta kwa pumzi wakati wa mapumziko na kuweka alama ndogo ya penseli kwenye karatasi ya muziki, mahali pa kuvuta na mahali pa kurudisha. Kwa hiyo ukiwa dukani, omba kuijaribu myuti ukiwa na tarumbeta yako mwenyewe na programu ya kupimia toni kwenye simu. Muuzaji akikataa, mshukuru kwa heshima, utoke.

Ya pili kununuliwa ni myuti ya kikombe. Hii ni myuti nyofu ileile iliyoongezewa bakuli linaloelekea kwenye domo, na sauti yake ni ya mviringo, tulivu, inayochanganyika vizuri na saksofoni au na kwaya. Katika harusi, wakati wa chakula, watu wanapotaka kuzungumza na muziki usikike bila kuwafokea, hii ndiyo inayotoka kwenye mfuko wangu mara nyingi kuliko zote. Ushauri wangu ni kununua ile ambayo bakuli lake linaweza kusogezwa. Likikaribia domo, sauti hufifia na kuwa ya karibu, na maikrofoni huipenda. Likisogezwa mbali, sauti hufunguka na kufika hata nyuma ya ukumbi. Myuti moja ya aina hiyo hufanya kazi ambayo zamani ilihitaji mbili, nayo ina thamani ya kila shilingi iliyozidi juu ya bei ya ile isiyosogea. Tabia yake ya toni inatofautiana na ya myuti nyofu: nyingi huelekea kushusha, na kadiri bakuli linavyobana ndivyo zinavyoshusha zaidi, kwa hiyo ile alama ya penseli si ya kunakili kutoka myuti moja hadi nyingine.

Ya tatu ni ya Harmon, jina lililotokana na Paddy Harmon, mwenye kumbi za dansi huko Chicago aliyeisajili miaka ya 1920. Koki yake imezunguka shingo yote, kwa hiyo hewa haina njia ila kupita ndani ya myuti yenyewe na kutokea kwenye tundu la mbele, ambamo huingia kijibomba kinachoweza kuvutwa au kuondolewa kabisa. Kijibomba kikiwemo, ukifunika na kufunua kwa kiganja, unapata ile sauti ya kulia na kulalamika inayowachekesha watoto. Kikiondolewa, inabaki sauti nyembamba, ya upweke, ambayo Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, aliifanya iwe yake katika miaka ya 1950. Wengi hununua Harmon kwa ajili yake, na hapo hapo husahau kwamba alikuwa akiipiga akiwa ameikaribia sana maikrofoni. Bila maikrofoni, katika hoteli yenye vijiko vinavyogonga sahani, Harmon haisikiki hata meza ya tatu. Mimi huzungumza na fundi wa mitambo ya sauti kabla ya onyesho na kumwambia, «Kaka, nikitia hii, nipandishie kidogo, halafu unishushe nikiitoa,» na tunapatana. Ikiwa hupigi jazi wala muziki wa bendi kubwa, Harmon inaweza kusubiri mwaka mzima bila wewe kuikosa.

Ya nne haiuzwi katika duka la muziki, au tuseme inauzwa huko kwa bei isiyo na haya. Ni kikombe cha mpira cha kuzibulia sinki, kikiwa kimetolewa mpini wake. Bubber Miley na baadaye Cootie Williams, wote wapiga tarumbeta wa bendi ya jazi ya Duke Ellington, walikitumia kuifanya tarumbeta inung'unike kama mtu, na mpaka leo hakuna kilichokishinda. Nenda kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, chagua kidogo cha sinki wala si kile kikubwa cha choo, na hakikisha mpira wake ni laini kiasi cha kukunjika mkononi. Kiwe kipya, bila shaka. Kwenye karatasi za muziki alama ya kujumlisha humaanisha ufunge na duara dogo humaanisha ufungue, na mkono wa kushoto huzoea haraka kuliko unavyodhani.

Myuti ya ndoo, ile inayojazwa pamba na kuning'inizwa mbele ya domo kwa vibanio, nimeiazima nikaipenda, lakini sijainunua. Vibanio vya chuma huweza kukwaruza ukingo wa domo, na kazi zinazoitaka hapa Nairobi ni chache mno. Zipo zinazoingia ndani ya domo bila vibanio, na siku moja pengine nitaitafuta ya namna hiyo.

Iliyobaki ni ya nyumbani. Anayeishi kwenye fleti za Umoja au South B, ambako ukuta mmoja hutenganisha kitanda chako na televisheni ya jirani, hana namna ya kufanya mazoezi saa mbili usiku bila myuti ya mazoezi. Hizi hubana hewa karibu yote, ikabaki sauti ya kunong'ona. Yamaha walileta mfumo wao wa Silent Brass mwaka 1995, wenye maikrofoni ndani ya myuti na vipokea sauti vya masikioni, na wenye uwezo hawatajuta; mimi natumia aina ya kawaida isiyo na umeme. Inafaa kwa kupasha midomo na kupitia vidole, ila isiwe ndiyo mazoezi yako yote, kwa kuwa ule mkinzano wa hewa humzoesha mpigaji kusukuma kupita kiasi, na noti za chini humdanganya kuhusu toni. Mimi hutafuta angalau saa chache kwa wiki katika chumba cha kanisa ambako naweza kupiga wazi.

Kuhusu mahali pa kununua, maduka ya muziki ya jijini huwa na myuti nyofu na za kikombe, lakini Harmon nzuri na za mazoezi mara nyingi huagizwa. Ukiagiza mwenyewe, ongeza kwenye hesabu gharama ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, kwani myuti inayoonekana rahisi kwenye skrini hufika ikiwa si rahisi tena. Ndiyo maana napendelea kumwomba ndugu anayerudi kutoka ng'ambo abebe moja kwenye begi, ikiwa na soksi ndani yake. Wapigaji wa korneti, chombo kinachofanana na tarumbeta, hasa ndugu zetu wa bendi za Jeshi la Wokovu, waulize kwanza kama myuti imetengenezwa kwa ajili ya chombo chao, maana domo la korneti hupanuka kwa namna yake na myuti ya tarumbeta huenda isikae sawasawa.

Koki ikibanduka au kuchakaa, usitupe myuti. Barabara ya Kirinyaga, kwenye maduka ya vipuri vya magari, ulizia karatasi za koki za kukatia gasketi, ukichagua zile zisizochanganywa na mpira. Fundi wa viatu wa mtaani atakubandikia vipande vitatu kwa gundi yake akiwa anapiga gumzo, nawe utabaki na kazi ya msasa.