Mkeka wa fundi wa 18,000: umenichubua tenki, na bado ninao

Nianze na huyu kijana wa duka la spea pale Mwanga, Kigoma, maana mkeka wenyewe, ule wa kutandika juu ya pikipiki ukiwa unaitengeneza ili rangi isikwaruzwe, ningeshausamehe.

Nilimrudishia mzigo wake nimeukunja kwapani, na kwenye simu nina picha ya tenki. Si mikwaruzo ya kutisha, ni ile myembamba kama paka kapita na kucha zake, ila pikipiki yangu ni nyekundu na nyekundu haifichi kitu. Ukiitoa juani inakusuta. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, uliniambia huu haukwaruzi." Yeye anakula karanga, macho kwenye simu. Salamu yangu hata hakuiitikia. "Mkeka haukwaruzi, kaka. Mkono ndio unakwaruza." Jamaa wawili waliokuwa wanasubiri pedi za breki wakacheka. Nikamsogezea picha. Akaitupia jicho, akatema ganda, akasema, "Kama unaogopa mikwaruzo kiasi hicho, kailaze sebuleni."

Sasa shida ni kwamba mimi huwa naiingiza sebuleni. Kila usiku, kati ya kochi na meza ya TV, na kipande cha boksi chini ili oili isidondokee sakafuni. Najua siko peke yangu mji huu. Kwa hiyo sikuwa na jibu, nikatoka na mkeka wangu kwapani vilevile nilivyoingia.

Niseme kwa nini niliununua. Fundi wangu wa Ujiji, mzee wa chini ya mwembe, injini anaijua kama kiganja chake, lakini tenki lako kwake ni meza. Spana, bisibisi, kikombe cha chai, vyote juu. Nikaamua kazi ndogondogo nifanye nyumbani: oili, plagi, kukaza cheni, pedi. Huyu kijana akaniambia mkeka una sumaku kwenye pembe, "unanasa popote". Popote wapi? Makava ya pembeni ni plastiki, sumaku itanasa nini pale? Ulinishukia mguuni na spana namba 12 juu yake. Kwenye tenki ndiyo unashika, kwa sababu ni bati la chuma.

Na kwenye tenki ndipo uliponiumiza. Siku moja jioni nimeubandua, nikaugeuza, nikakuta sumaku zote nne zimeota ndevu. Ndevu kabisa, nyeusi, zimesimama. Unga wa chuma. Kila nilipoegemea tenki kufikia plagi nilikuwa napiga msasa rangi yangu mwenyewe, taratibu, huku najisifu kwamba safari hii nimejipanga. Nilikaa chini kwenye ndoo nikazitazama zile ndevu mpaka mama watoto akauliza kama kuna msiba.

Haya, nikiri jambo moja, ila nalikiri hapa tu, dukani sirudi kulisema. Siku chache kabla ya hapo nilikata boliti iliyoshikana kwa msumeno wa chuma, na mkeka niliutandika chini palepale. Sumaku inaokota, ndiyo kazi yake. Lakini si angenitahadharisha? Neno moja tu: "futa chini kabla ya kuweka." Karanga zingepoa?

Ningeishia hapo na nyota moja, ila kuna siku ya pedi za mbele. Wanaofanya wenyewe wanajua: pedi mpya ni nene, kwa hiyo lazima urudishe ndani pistoni ya breki inayozisukuma, na ukiirudisha, mafuta ya breki yanapanda juu kwenye kikopo cha usukani. Mimi nilikuwa nimeyaongeza zamani kidogo, nikasahau. Kifuniko wazi, usukani nimeukata kulia, kikopo kimekaa karibu kabisa na tenki. Nikasukuma pistoni, nikasikia mlio wa kitu kinachomwagika. Yale mafuta ni adui wa rangi kuliko spana yoyote, yanailainisha mpaka inabanduka. Yote yakaishia kwenye mkeka. Tenki, halikuguswa hata na tone. Nikamwagia maji ndoo nzima, kwa kuwa yanachanganyika na maji yakaondoka. Usifute kwa kitambaa kikavu, unayasambaza. Tone moja sikuliona, lilirukia madigadi. Asubuhi pale pamekunjamana kama utando wa maziwa ya moto, nikagusa kwa kidole rangi ikatoka na kidole.

Nikawaza: hilo ni tone moja. Kile kikopo kizima kingenifanya nini?

Basi siku hizi natandika khanga kuukuu kwanza, mkeka juu yake, sumaku bado inashika, na kila nikimaliza nazipangusa. Mkanda wa suruali navua, chuma chake cha kufungia kina dhambi nyingi. Ekzosi ya kromu mkeka hauisaidii, uliyeyuka kidogo siku nilipokosa subira ya kuiacha ipoe. Huko navalisha tyubu ya baiskeli niliyoipasua kwa urefu, spana ikiteleza inagonga mpira. Vidoa vya kutu kwenye kromu nasugua na foili iliyokunjwa na maji, ileile tuliyochomea samaki, migebuka. Ni laini kuliko kromu, haichani. Baba mdogo yeye anapaka mawese. Inang'aa kweli, mpaka ukutane na vumbi la kwanza.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilisema moja. Tuseme tatu. Duka lisihesabiwe.

Nimeamua nichukue wa pili wa kufunika upande wa injini, na sijauona kwingine hapa mjini. Nikamtuma shemeji, nikamwonya asitaje jina langu. Amerudi nao jana, na chenji mkononi. Yeye kauziwa 15,000, tena kaambiwa, "Futa sumaku kabla ya kuweka, bosi, inaokota unga wa chuma."