ICD-11 mtandaoni: namba za 6D3 na swali la "mgonjwa au mhuni?"

Tunaofanya kazi ya afya ya akili tunaifungua ICD-11, orodha ya kimataifa ya magonjwa na namba zake, kila mara, na wengi wetu tunaitumia mbio mbio: andika jina la ugonjwa, chukua namba, jaza fomu, ita anayefuata. Mimi ni muuguzi, niko Dar es Salaam, na huwa nasimamia wanafunzi wanaokuja wodini kwa mafunzo ya vitendo. Leo naizungumzia sehemu moja tu ya huduma hii ya Shirika la Afya Duniani, namba zinazoanza na 6D3, za matatizo ya hamu ya ngono. Wanafunzi huzipita wakiinamisha macho, na mimi naona ndipo palipoandikwa kwa uangalifu kuliko kwingi.

Matumizi yenyewe hayana shida. Ni bure. Kushoto kuna orodha ya makundi, ukibonyeza moja linafunguka na kutoa matawi yake, kulia yanatokea maelezo. Kuna kisanduku cha kutafutia. Basi.

Sasa fungua 6D34. Hapo anaelezwa mtu ambaye hamu yake ya ngono, kwa muda mrefu na kwa nguvu, imekaa kwenye kumgusa au kujisugua kwa mtu asiyeridhia katika msongamano wa watu. Dada yeyote aliyewahi kusimama kwenye daladala ya jioni kutoka Kariakoo anajua kinachozungumzwa. Soma hadi mwisho, usiishie kwenye kichwa cha habari: maelezo yanasema wazi kwamba mguso ambao wote wawili wameridhia haumo. Panda juu kwenye orodha: anayewaonyesha watu sehemu zake za siri, anayewachungulia, anayetamani watoto kingono, anayesisimkwa na kumtesa asiyeridhia. Wote wamewekwa pamoja kwa sababu upande wa pili kuna mtu ambaye hakukubali, au mtoto asiyeweza kukubali.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Wazungu walilitoa neno lao la upotovu kwenye Kilatini, na kwa muda mrefu lilikuwa la kanisani, la mtu aliyeiacha imani ya kweli. Hata sisi, upotovu tumeusikia kwenye mawaidha na mahubiri kabla ya kuusikia hospitalini. Mwaka 1886 daktari Richard von Krafft-Ebing akaliingiza rasmi kwenye kitabu cha tiba, na kipimo chake kilikuwa uzazi: hamu isiyoelekea kwenye kupata watoto ni upotovu. Kwa kipimo hicho, mume anayesisimkwa na viatu vya mkewe na mtu anayeumiza watoto wanaingia kapu moja. Sehemu nyingine aliziandika kwa Kilatini ili raia wa kawaida wasizielewe. Miaka 19 baadaye, mwaka 1905, daktari Sigmund Freud akaandika kwamba chembe za mambo hayo zimo ndani ya kila binadamu, kwa hiyo haifai neno hilo litumike kumtukania mtu. Matusi yaliendelea, bila shaka, mpaka leo.

ICD-10, toleo lililotangulia ICD-11, iliyopitishwa 1990, iliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilikuwa kimeshafanya hivyo 1973. Najua hapa kwetu jambo hilo lina mjadala wake wa dini na sheria. Kitabu cha magonjwa hujibu swali la ugonjwa peke yake, na ni haki kukisoma hivyo. Lakini ICD-10 hiyo hiyo, chini ya F65, kundi lake la matatizo haya, iliendelea kumpa namba anayesisimkwa na kitu kama kiatu, mwanamume anayevaa nguo za kike ili asisimke, na wanaopata raha kwa kuumiza au kuumizwa hata kama wamekubaliana. ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, haina tena namba hizo tatu. Iliyobaki ni 6D36, ya anayoyafanya mtu peke yake au na aliyeridhia, na mlango wake ni mwembamba: mhusika awe anateseka sana moyoni, na mateso hayo yasiwe tu hofu ya kukataliwa na watu, au jambo lenyewe liwe na hatari kubwa ya majeraha au kifo.

Hapo ndipo ninapowakalisha wanafunzi. "Sista, huyu ni mgonjwa au mhuni?" wananiuliza. Nawaambia kwanza waulize nani ameumia na nani aliridhia.

Ningependa sana ukurasa wenyewe ungeonyesha kilichoondolewa na sababu yake. Kwa sasa inabidi ufungue ICD-10 pembeni ulinganishe mwenyewe, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hatafikiria kufanya hivyo. Jambo jingine, namba haimsafishi mtu. Mwanamume aliyekusugua ndani ya basi, mara nyingi hana ugonjwa wowote wa 6D34. Amefanya unyanyasaji, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inamhusu. Na hata mwenye ugonjwa, kuupata hakumwondolei mashtaka. Walimu wenzangu, mkifundisha kundi hili anzeni na 6D36, kisha rudini nyuma hadi 6D30. Mkianzia juu, darasa zima litakuwa limeshahukumu kabla hamjafika kwenye ridhaa.