Kukodi huduma ya ufundi wa kompyuta Kisumu na Nakuru: mipango mitano, kuanzia ulio bora

Kabla ya kuuliza bei ya fundi, piga hesabu ya saa moja bila mfumo wa kompyuta. Tuseme duka la dawa Kondele linauza shilingi 60,000 kwa siku ya saa 12, yaani 5,000 kwa saa. Mfumo ukilala, nusu ya mauzo huenda ikaokolewa kwa daftari na kalamu. Nusu nyingine, 2,500 kwa saa, inaondoka na mteja. Fundi wa 2,000 anayefika baada ya saa sita amekugharimu 17,000. Yule wa 5,000 anayefika baada ya saa moja amekugharimu 7,500. Mpangilio huu umefuata hesabu hiyo, kwa biashara yenye kompyuta 5 hadi 20. Bei zote humu ni za mfano, weka zako.

1. Mkataba wa mwezi na kampuni iliyo mjini kwako

Huu ndio tunaoupendekeza kwa wengi, mradi saa zimehesabiwa. Kompyuta 8 kwa 2,500 kila moja ni 20,000. Uliza papo hapo kama VAT imo: asilimia 16 inaifikisha 23,200, na kama wewe hujasajiliwa kwa VAT, hizo 3,200 hazirudi. Dai ankara ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) kila mwezi, maana tangu Januari 2024 KRA haikubali gharama isiyo na ankara hiyo unapokokotoa kodi ya mapato.

Neno linaloumiza watu katika mikataba hii ni "kuitika". "Tutaitika ndani ya saa 4" linaweza kumaanisha kupokea simu tu. Andikisha nyakati mbili: ya kuitika na ya fundi kusimama mlangoni. Andikisha pia saa ngapi za kazi zimo, kila saa ya ziada ni bei gani, nauli ya tawi la Ahero au Luanda inalipwa na nani, na vipuri vinauzwaje. Mkataba wa "huduma bila kikomo" usiotaja saa, usiuamini. Fundi akizidiwa, wewe ndiye utakayesubiri.

Kisha tafuta kifungu cha stima. Kisumu, Kakamega na Kericho ni nchi ya radi, na mikataba mingi huacha nje uharibifu wa umeme. Radi haiji kwa waya wa stima peke yake; hupitia pia kebo ya mtandao inayoshuka kutoka antena ya paani, ikaua ruta, swichi na kompyuta zilizounganishwa nayo, hata kama kila moja ina UPS (kifaa cha betri kinachoishikilia stima ikikatika). Kazi ya mwezi wa kwanza iwe kukagua ethi ya jengo (waya unaopeleka umeme wa ziada ardhini), kuweka kinga kwenye kebo ya antena, na kupima betri za UPS. Betri hizo hudumu takriban miaka mitatu. Iliyochoka inaweza kuonyesha taa ya kijani kama kawaida, kisha ikazima sekunde ile stima inapokatika, na hapo ndipo faili za mauzo huharibika.

2. Saa zilizolipiwa mapema

Ukiwa na kompyuta 4 au pungufu, mpango huu unapanda hadi nafasi ya kwanza. Unanunua, kwa mfano, saa 10, nazo zinakatwa kidogo kidogo. Hakikisha haziishi muda mwisho wa mwezi, na uliza kipimo: fundi anayehesabu kwa saa nzima atakukata saa moja kwa kazi ya dakika kumi. Omba kipimo cha dakika 15.

3. Kampuni ya mbali inayohudumia kwa intaneti

Inafaa kwa barua pepe, programu za hesabu na akaunti za wafanyakazi. Intaneti ikikatika, msaada nao umekatika. Nakuru iko kama kilomita 160 kutoka Nairobi. Kisumu ni kama 350, na fundi hatafika leo. Uchague tu ukiwa na mtu wa karibu wa kubadilisha kebo na ruta.

4. Kuajiri fundi wako mwenyewe

Mshahara wa 40,000 una nyongeza ya mwajiri kila mwezi: NSSF 2,400, tozo ya nyumba 600, tozo ya mafunzo ya NITA 50. Jumla 43,050, na bado ana haki ya siku 21 za likizo kwa mwaka, ambazo hutakuwa na fundi. Kwa kompyuta chini ya 20, sehemu kubwa ya siku yake haitakuwa na kazi ya fani yake.

5. Fundi wa kuitwa, bila maandishi

Ni rahisi hadi siku ya hasara. Analipwa kitu kikiharibika, hivyo hakuna anayelipwa kuzuia. Mara nyingi huacha Windows isiyo na leseni, au Windows 10, ambayo Microsoft ilikoma kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mkataba wa maandishi na yeyote anayeshughulikia data za wateja kwa niaba yako. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Kampuni unayoikodi iandike kwamba itakujulisha wewe ndani ya saa 48.

Kabla ya kutia sahihi, kwa mpango wowote

Jina lako la tovuti la .co.ke lisajiliwe kwa jina la biashara na barua pepe yako, kamwe si ya fundi. La sivyo, mkigombana, tovuti na barua pepe zote zitabaki mikononi mwake. Nywila za ruta, seva na akaunti kuu zikae kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu yako, zikibadilishwa kila fundi anapoondoka.

Nakala za akiba zijaribiwe kila miezi mitatu: chagua faili moja la wiki iliyopita, fundi alirudishe ukiwa umeshika saa. Diski ya nje inayobaki imechomekwa usiku na mchana haihesabiki, kwa kuwa virusi vinavyofunga faili huifunga nayo.

Mwisho wa mkataba uwe notisi ya siku 30, na ada ya mwezi wa mwisho ilipwe baada ya kukabidhiwa nywila zote, leseni na mchoro wa mtandao.